Pakiti Igeuze Nyuma: Kusoma Lebo ya Lishe Hatua kwa Hatua

Nina kibanda Tudor, hapa Mombasa, mwendo mfupi kutoka chuoni, na wateja wangu wengi ni vijana wa kati ya miaka 18 na 25. Wananunua kripsi, biskuti, karanga za pakiti, tambi za kifuko cha viungo, soda na vinywaji vya kuongeza nguvu. Nakaa mbele yao siku nzima, kwa hiyo najua wanavyoshika pakiti. Huyu hutafuta tarehe. Yule huangalia chapa ya halali. Kijana wa jimu hutafuta protini. Msichana anayepunguza mwili hutafuta kalori, namba moja tu, na akishaiona huirudisha pakiti au huilipia. Jedwali lenyewe, lile dogo la nyuma, hupitwa kama bango la zamani ukutani.

Siwalaumu. Kusoma wanajua, na hesabu wanajua kunishinda mimi. Walichokosa ni mtu wa kuwakalisha akawaonesha namba zile zinazungumzia kiasi gani cha chakula. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kulazimika. Mama alipatikana na presha, kliniki tukaambiwa tupunguze chumvi. Nikapunguza kwenye mchuzi, nikapunguza kwenye wali, mama akawa analalamika kila siku kwamba chakula kimepooza. Na kila jioni, baada ya alasiri, tulikaa barazani na chai, tukatafuna biskuti za chumvi na chevda ya pakiti. Miezi mitatu presha haikushuka. Siku niliyoigeuza ile pakiti ya chevda na kupiga hesabu kwa kalamu nyuma ya risiti, nilihuzunika. Mama alikuwa amenyimwa ladha ya mchuzi wake bure, na chumvi ilikuwa inaingia kwa mlango mwingine.

Kwa hiyo mwongozo huu nauandika kwa moyo wote. Chukua pakiti yoyote uliyo nayo karibu, usome ukiwa umeishika.

Hatua ya kwanza: uzito wa pakiti

Kabla ya kalori, kabla ya sukari, tafuta pakiti nzima ina gramu ngapi. Uzito huandikwa mbele, kwa kawaida chini pembeni: 25 g, 60 g, 150 g. Kwenye kinywaji ni mililita. Ushike kichwani, kwa sababu kila namba utakayoisoma baadaye itauhitaji.

Uzito huu una faida ya pili ambayo mwenye kununua kwa bajeti ya chuo ataipenda. Pakiti mbili za bei moja na ukubwa mmoja wa mfuko zinaweza kutofautiana gramu. Mfuko wa kripsi hujazwa hewa ili zisivunjike njiani, na jicho halioni ndani. Uzito ndio unaokwambia umenunua nini.

Hatua ya pili: "kwa kiasi gani?"

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Geuza pakiti. Mara nyingi mshono wa nyuma umepita juu ya jedwali, basi ufunue kwa kidole gumba. Kama maandishi ni ya dhahabu juu ya nyekundu, au ni madogo mno, yapige picha kwa simu uikuze. Sasa usitazame namba. Tazama kichwa cha jedwali, ule mstari wa juu kabisa. Utakuta "per 100 g", au "per serving", au nguzo zote mbili zimekaa bega kwa bega.

"Per 100 g" maana yake namba zote chini yake ni za gramu 100 za chakula hicho, hata kama pakiti yako ni ya gramu 25. "Per serving" ni kipimo kimoja cha mlo alichokichagua mtengenezaji: huenda ni gramu 30, huenda ni biskuti mbili, huenda ni nusu ya chupa. Kipimo hicho si ushauri wa daktari, na wala hakijui wewe huwa unakula kiasi gani.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alikaa nami kibandani likizo ya Aprili. Chakula chake cha mchana kilikuwa pakiti ya kripsi na soda. Siku moja akaniambia ameanza kusoma lebo.

"Shangazi, hizi zina 160 tu. Si kitu."

"160 ya nini, mwanangu?"

"Ya kripsi."

"Ya kripsi zote?"

Akanyamaza, akaisogeza pakiti karibu na macho. Jedwali lilisema: kwa kila gramu 30, nishati kilokalori 160, mafuta gramu 10, na katika hayo mafuta yaliyoshiba gramu 4.5, wanga gramu 15, sukari gramu 1, protini gramu 2, sodiamu miligramu 280. Pakiti ilikuwa ya gramu 60. Alikuwa ameshaimaliza, chenga za mwisho alikuwa anazimimina mdomoni.

Hesabu ni ya darasa la tano. Gawa uzito wa pakiti kwa kipimo cha mlo: 60 kwa 30 ni 2. Basi kila namba izidishe kwa 2. Kalori 320, mafuta gramu 20, mafuta yaliyoshiba gramu 9, sodiamu miligramu 560. Ikiwa jedwali ni la gramu 100 peke yake, zidisha namba kwa uzito wa pakiti kisha ugawe kwa 100. Simu yako ina kalkuleta. Itumie pale pale dukani, hakuna aibu.

Na vinywaji ni vivyo hivyo. Chupa ya mililita 500 ambayo lebo yake inasoma "kwa mililita 100" ina mara tano ya unachokisoma. Unga wa juisi wa kukoroga, ule unaotuvamia wakati wa Ramadhani, una swali lake zaidi: namba ni za unga mkavu au za glasi iliyokwisha kukorogwa? Litafute neno hilo kabla hujalinganisha chochote.

Hatua ya tatu: geuza gramu ziwe vijiko

Namba ya gramu haimwambii mtu kitu mpaka aione. Jikoni kwangu nilimwekea mpwa kisahani cheupe, kopo la sukari, na ile chupa ya soda aliyokuwa akiinywa. Lebo ilisema sukari gramu 10 kwa kila mililita 100. Chupa ya 500, kwa hiyo gramu 50. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 4. Nikaanza kumimina: kimoja, viwili, vitatu. Kufika cha saba akacheka akidhani nimekosea hesabu. Kufika cha kumi na mbili na nusu hakucheka tena. Kisahani kilikuwa kimefunikwa, na sukari imeanza kumwagika ukingoni.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayetumia kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 50, na wanasema ukiishusha hadi gramu 25 ni bora zaidi. Ile chupa moja ilikuwa imemaliza siku yake nzima, na alikuwa bado hajanywa chai ya asubuhi wala ya jioni. Kwetu chai haina sukari ya kubahatisha, mnajua.

Kwenye lebo nyingi sukari hukaa chini ya wanga, imeingizwa ndani kidogo, na maneno "of which sugars". Maana yake ni: katika wanga wote ule, kiasi hiki ni sukari. Usizijumlishe mbili hizo, moja imo ndani ya nyingine. Lebo za Marekani huongeza mstari wa "added sugars", yaani sukari iliyotiwa kiwandani. Mstari huo ukiuona, ushukuru, kwa sababu unatenganisha sukari ya tende yenyewe na sukari iliyomwagwa juu yake. Usipouona, orodha ya viambato itakusaidia, tutaifikia.

Hatua ya nne: chumvi, na mtego wa sodiamu

Hatua hii naipenda kuliko zote kwa sababu ya mama.

Lebo nyingine huandika "salt", nyingine huandika "sodium". Si kitu kimoja. Sodiamu ni sehemu tu ya chumvi, na ili upate chumvi unazidisha sodiamu kwa 2.5. Miligramu 560 za ile pakiti ya kripsi ni miligramu 1,400 za chumvi, yaani gramu 1.4. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku, kutoka vyakula vyote, ambayo haijai kijiko cha chai. Pakiti moja imechukua zaidi ya robo.

Mombasa ni mji wa bandari, na rafu zetu zina pakiti za kila nchi. Hapo ndipo mtego unapokaza. Weka mbili mkononi. Ya kwanza imetoka Ulaya: chumvi gramu 1.2 kwa kila gramu 100. Ya pili imetoka Marekani: sodiamu miligramu 170 kwa kila gramu 28. Ukizitazama kwa haraka, ya pili inaonekana nyepesi. Sasa ifanyie kazi: 170 gawa kwa 28, zidisha kwa 100, unapata kama 607. Zidisha kwa 2.5, ni kama miligramu 1,518, yaani gramu 1.5. Ya Marekani ndiyo yenye chumvi zaidi. Vipimo viwili tofauti na majina mawili tofauti vilitosha kukugeuza kichwa, na wala hakuna aliyekudanganya. Ndiyo maana nasisitiza lile swali: kwa kiasi gani?

Tambi za kifuko, chakula cha hosteli kila mwisho wa mwezi, chumvi yake nyingi imo katika kile kifuko kidogo cha viungo. Tia nusu, kamulia ndimu, katia pilipili na kitunguu. Wateja wangu wawili watatu wamejaribu na hawajarudi nyuma. Na ukiona E621 au "monosodium glutamate", kiungo cha kukoleza ladha, katika viambato, jua hiyo nayo ina sodiamu ndani yake. Inahesabiwa katika jumla ya jedwali, kwa hiyo huna haja ya kuiogopa peke yake, soma jumla.

Mafuta na kalori

Kalori nitazipita haraka, kwa sababu ndizo zinazosomwa tayari. Lebo huandika kJ na kcal. Tunachokiita kalori mtaani ni kcal. Kilokalori moja ni kama kilojuli 4.2, kwa hiyo ukiona 670 na 160 pamoja usishtuke, ni kitu kimoja kwa mizani mbili. Ile 2,000 ya siku ni kipimo cha kulinganishia tu. Kijana anayebeba magunia sokoni Kongowea na msichana anayekaa darasani saa nane hawatumii sawa.

Mafuta yanahitaji jicho zaidi. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga au protini ina 4. Zile gramu 20 za pakiti ya kripsi zilikuwa zaidi ya nusu ya nishati yake yote. Mimina mafuta ya kupikia vijiko vinne na nusu vya chai kisahanini, ndiyo hayo. Katika jedwali tazama mstari wa "saturates" au "saturated fat", mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha kolesteroli mbaya kwenye damu. Kwa mtu wa kilokalori 2,000 mwisho wake ni kama gramu 22 kwa siku. Pakiti ilikuwa na 9.

Mstari wa "trans fat", mafuta mabaya zaidi kwa moyo, ukiwepo, unataka sifuri. Lakini sheria ya lebo za Marekani inaruhusu kuandika sifuri ikiwa kipimo kimoja cha mlo kina chini ya nusu gramu. Basi kimbilia orodha ya viambato utafute maneno "partially hydrogenated", yaani mafuta yaliyogandishwa kiwandani. Yakiwepo, sifuri ile si sifuri, na ukila vipimo vitatu vya mlo umejikusanyia. Pakiti hiyo mimi siinunui.

Hatua inayofuata: orodha ya viambato

Jedwali linakwambia kiasi, orodha inakwambia kitu chenyewe. Kanuni yake moja ni nzuri ajabu: viambato huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kilicho kingi mwanzo, kilicho kidogo mwisho. Ukikuta "kinywaji cha embe" orodha yake inaanza maji, sukari, kisha embe, umeshajua unakunywa nini. Na ukikuta "ladha ya embe" mbele, tafuta kama embe lenyewe limo kabisa. Mara nyingine limo kwenye picha tu.

Sukari huvaa kanzu nyingi. Maneno mengi yanayoishia na "-ose", kama glucose, fructose, dextrose na sucrose, ni sukari. Sharubati, au "syrup", ni sukari. Asali, molasi, juisi iliyokolezwa, vyote vinaingia humo. Mtengenezaji anaweza kutumia aina nne kidogo kidogo, kila moja ikashuka chini ya orodha, na unga ukabaki juu. Zihesabu. Tatu au nne katika biskuti moja, hiyo ni biskuti ya sukari hata kama neno lenyewe halimo katika vitatu vya kwanza.

"Vegetable oil" bila kutaja mmea, kwenye kripsi na biskuti, mara nyingi ni ya mawese, ambayo karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba. Rudi kwenye jedwali uthibitishe.

Mwenye mzio wa karanga, maziwa, ngano, soya au mayai, hapa ndipo pako, na usitosheke na mara ya kwanza. Viwanda hubadilisha mapishi bila kubadilisha sura ya pakiti. Soma kila unaponunua.

Maneno ya mbele

Mbele ya pakiti ni mahali pa kuuza. Si lazima yawe uongo, ila kila neno lina mipaka yake, na mipaka hiyo imeandikwa katika kanuni za kimataifa za chakula, Codex.

"Sugar free" inaruhusiwa ikiwa sukari haizidi nusu gramu katika gramu 100. "Low fat" kwa chakula kigumu ni mafuta yasiyozidi gramu 3 katika 100. "Reduced" au "light" maana yake imepunguzwa angalau robo ikilinganishwa na ile ya kawaida; kitu kilichokuwa na chumvi nyingi sana kikipunguzwa robo bado kinaweza kuwa na chumvi nyingi. "Cholesterol free" kwenye kripsi zilizokaangwa kwa mafuta ya mmea ni kweli tupu isiyokupa kitu, kwa kuwa kolesteroli ni ya wanyama. Mafuta yaliyoshiba yasome mwenyewe kwenye jedwali.

"No added sugar" ilinigharimu. Baba mdogo ana kisukari, na siku ya Idi nilitaka na yeye apate kitu cha kutafuna na kahawa. Nikamnunulia biskuti zenye maneno hayo, kwa herufi kubwa za kijani. Alikula sita kwa raha, akiniombea dua. Kesho yake asubuhi mashine yake ya kupimia ilionesha namba iliyotutia hofu sote. Nilipoisoma pakiti, wanga ulikuwa gramu 68 katika gramu 100: unga wa ngano, juisi ya zabibu iliyokolezwa. Sukari nyeupe kweli hawakutia, ila juisi iliyokolezwa ni sukari vilevile. Mwenye kisukari husoma mstari wa wanga wote, na kiasi chake anakubaliana na daktari wake. Hilo ningelijua siku ile, nisingemletea baba mdogo sita.

Chapa ya halali inajibu swali la dini, na ni haki yetu kujibiwa. Haijibu swali la sukari wala la chumvi. Vijana huniambia "ni halali, dada, haina neno," nami huwaambia soda nayo ni halali. Chapa ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, vilevile inasema bidhaa imefikia viwango vya Kenya, haisemi ule pakiti tatu. Kuithibitisha ni rahisi: andika SM# ukifuatisha namba ya kibali iliyo chini ya chapa, tuma kwa 20023, nao watakujibu ni bidhaa ya nani na kibali kinaisha lini. Mimi hufanya hivyo kila anapokuja muuzaji mpya wa jumla na bei ya kupendeza.

Tarehe, kwa ufupi: "best before" ni ya ubora, baada yake kripsi zitalegea. "Use by" au "expiry" ni ya usalama, ikipita, tupa.

Kipimo cha haraka kwa mwenye haraka

Ukiwa kwenye foleni na matatu inapiga honi, huna nafasi ya vijiko. Uingereza hutumia rangi za taa za barabarani mbele ya pakiti, na mipaka yao naitumia mimi hata kwa pakiti zisizo na rangi. Iandike kwenye simu. Katika gramu 100 za chakula: sukari ikizidi 22.5 ni nyekundu, isipozidi 5 ni kijani. Chumvi ikizidi 1.5 ni nyekundu, isipozidi 0.3 ni kijani. Mafuta yaliyoshiba yakizidi 5 ni nyekundu, yasipozidi 1.5 ni kijani. Mafuta yote kwa jumla, 17.5 na 3. Kwa kinywaji, sukari ikizidi 11.25 katika mililita 100 ni nyekundu, isipozidi 2.5 ni kijani.

Ile pakiti ya mpwa, ukiipeleka kwenye gramu 100, ina mafuta 33, mafuta yaliyoshiba 15, chumvi 2.3, sukari 3. Nyekundu tatu na kijani moja. Kijani ya sukari isikufanye usahau nyingine. Chile wao tangu 2016 wanaweka alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti, neno wazi: sukari nyingi, sodiamu nyingi. Mtu haulizi mara mbili. Natamani sana siku moja pakiti ninazozipanga mimi zije na kitu kama hicho, maana mteja wangu hufanya uamuzi wake kwa sekunde tano.

Vinywaji vya kuongeza nguvu visome mistari miwili: sukari, na kafeini. Nyingi zina kafeini kama miligramu 32 katika mililita 100, kwa hiyo chupa ya nusu lita ni 160. Kwa mtu mzima mwenye afya mwisho unaotajwa Ulaya ni 400 kwa siku, kwa mjamzito 200. Wiki ya mitihani naona kijana mmoja akichukua tatu kabla ya magharibi. Namkataza, na ananisikia mara moja moja.

Na visivyo na lebo?

Nusu ya vitafunio vyetu havina jedwali. Kachri za muhogo za kule ufukweni Mama Ngina, zinazotoka moto kwenye karai, viazi karai, kaimati, mabuyu mekundu ya Mji wa Kale. Sitaki mtu aogope vyakula hivi, ni vyetu na vimetulea. Macho na vidole vitumike badala ya lebo. Karatasi ikilowa mafuta hadi upande wa pili, umeona. Chumvi ikibaki kwenye ncha za vidole, mwambie muuzaji akutilie ndimu na pilipili na chumvi asitie. Kwa kachri za moto hilo linawezekana, kwa za kiwandani haliwezekani. Mabuyu yana sukari nyingi na rangi, basi nunua kifuko kidogo ukayamumunye polepole.

Lakini kachri zilizofungwa kwenye mfuko na kutiwa gundi, zikauzwa rafuni, hizo ni bidhaa za pakiti. Zinatakiwa ziwe na jina la mtengenezaji, uzito, viambato na tarehe. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya taarifa za bidhaa anayoilipia. Kina mama wawili wanaoniletea kachri wa huku huku Tudor niliwaomba hilo. Mmoja alinuna kidogo, mwenzake akaniuliza aandike nini. Tulikaa naye barazani na mizani yangu ya sukari, tukapima mafuta kabla ya kukaanga na baada, tukapima chumvi anayonyunyizia kwa kila ndoo. Hatukuweza kutoa jedwali la maabara. Karatasi yake ya sasa inasema: muhogo, mafuta ya alizeti, chumvi, pilipili; gramu 80; imekaangwa tarehe fulani. Na chumvi ameipunguza kwa theluthi, kwa hiari yake, baada ya kuiona imekaa peke yake kwenye kisahani.

Mpwa amerudi chuoni. Juzi amenitumia picha mbili za pakiti za karanga, zimekaa bega kwa bega juu ya kitabu, na swali: "Shangazi, hii ni kwa 25 g na hii kwa 100 g. Nimepata ya kushoto ina chumvi zaidi. Nimepatia?" Alikuwa amepatia.